Mtoto Mwenye Heshima Kuliko Wote

Katika ukoo wa baba yangu, kule Magu, hakujawahi kutokea mtoto mwenye heshima kama mimi. Hayo si maneno yangu. Ni ya shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeyasema harusini, msibani, sokoni na popote alipopata watu wawili wa kumsikiliza. Kwa Wasukuma wa umri wake, msichana hamwamkii mtu mzima huku amesimama. Anashuka. Anapiga goti, au anachuchumaa kabisa, anatazama chini, ndipo anatoa shikamoo yake. Watoto wenzangu wa mjini walikuwa wameshaanza kuitupa hiyo shikamoo huku wanakimbia. Mimi nilichuchumaa hata kabla mgeni hajafika mlangoni, nikabaki hapo chini nimekumbatia magoti, kidevu juu yake, muda mrefu mpaka mgeni mwenyewe akaona haya kwa jinsi alivyoheshimiwa.

"Mmemwona?" shangazi alikuwa akisema. "Hii ni damu yetu. Hakufundishwa na mtu."

Hapo kwenye damu alikaribia ukweli kuliko alivyojua. Ni kweli hakuna aliyenifundisha. Nilichuchumaa kwa sababu nilizaliwa na moyo mbovu, na hapo chini ndipo mahali pekee nilipopata pumzi.

Tulikaa Pasiansi, mjini Mwanza, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe makubwa, ziwa likiwa chini yetu. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba huko Nyakato, kiwanda ambacho kila wiki kilikuwa kinauzwa kwa mwekezaji asiyefika. Mama alikuwa mtu wa Mara, wa kando ya ziwa, na kosa hilo shangazi hakumsamehe. Mama alipomwamkia alikunja goti kidogo tu, halafu akaendelea na kazi zake. "Huyu wa Mara hana heshima," shangazi alimwambia baba, mama akiwa anasikia, "lakini nashukuru mtoto ametufuata sisi." Mama alikuwa anacheka kwa pua na kumwongezea wali.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana watu wazima waliokuwa na macho mawili kila mmoja walinitazama miaka yote hiyo na hawakuona. Nikitoka nyumbani kwenda bombani, kabla sijafika nusu ya njia kifua kilibana. Macho yaliingia giza. Miguu ikawa si yangu. Basi nilichuchumaa, nikayabana magoti kifuani, na polepole dunia ikarudi: kwanza sauti za watu, halafu mwanga, halafu miguu. Nikisimama mapema, ilinibidi nirudi chini. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani kila mtu yuko hivyo, na kwamba wenzangu wanaokimbia ni wavumilivu kuliko mimi.

Na rangi? Midomo yangu ilikuwa ya zambarau, na ulimi, na kucha. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kuwa za mviringo. Shuleni waliniita Zambarau. Majirani waliniuliza kwa utani nimeiba zambarau za nani, na waliuliza hivyo hata katika miezi ambayo Mwanza nzima haina zambarau hata moja mtini. Hakuna aliyejiuliza mtoto huyu anazitoa wapi. Ni jambo la ajabu jinsi watu walivyoweza kulitania jambo kila siku bila kulifikiria hata siku moja.

Shuleni heshima yangu haikuwa na soko. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka, darasa zima likiimba, na mimi mbio zangu zilikuwa za kutoka kwenye mwembe wa kwanza hadi wa pili. Hapo nilichuchumaa. Mwalimu wa zamu alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni, aliyejiona ni kamanda wa jeshi ambalo halijampata bado.

"Mtegaji!" alinipigia kelele. "Inuka wewe! Unatega!"

Nikainuka, nikaanguka, nikapigwa fimbo ya kutega na nyingine ya kuchafua sare. Kwa hiyo kuchuchumaa kule kule, kwa miguu ile ile, nyumbani kulikuwa adabu na shuleni kulikuwa uvivu. Ilitegemea tu nani yuko mbele yangu. Mtu mzima akiwa mbele yangu nilisifiwa, akiwa nyuma yangu na filimbi nilichapwa.

Mama aliona kwamba sikui. Nguo za mitumba alizoninunulia nilizivaa mpaka zikachakaa, hazikuwahi kunibana. Akaanza kunipeleka kwa wataalamu. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu alikuwa na ruksa ya kila kitu, na huko kwetu kilichokuwa duka la vitenge jana kiliamka leo kikiwa zahanati. Zahanati ya karibu nasi ilikuwa ya bwana mmoja mwenye koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni. Kipimo hicho alikivaa kama watu wengine wanavyovaa tai. Sikumbuki hata siku moja alikiweka kifuani kwangu. Alinivuta kope, akatikisa kichwa, akasema, "Minyoo." Safari iliyofuata akasema, "Malaria sugu." Halafu akarudi kwenye minyoo. Alinitibu minyoo mara nyingi kiasi kwamba kama ningekuwa nayo kweli ingehama mkoa. Kila mara tuliondoka na chupa ya dawa nyekundu ya kuongeza damu, wakati mimi damu nilikuwa nayo nyingi, tena nzito kupita kiasi, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye.

Shangazi naye alikuwa na utaalamu wake. "Ni kimeo hicho," alisema. "Kimekuwa kilefu, kinamziba pumzi. Kuna fundi Magu anakata, mala moja tu, mtoto anapona." Fundi mwenyewe nilikuja kumwona: alikuwa anauza pia tumbaku, kwa mikono hiyo hiyo.

"Wifi," mama alisema, "kisu cha mtu hakiingii kinywani mwa mwanangu."

"Wewe wa Mara unajua nini? Kimeo kimeua watoto wengi."

"Sijui kitu. Ila hakiingii."

Wakanuniana mpaka mchele wa Magu ulipokwisha, maana shangazi alikuja na gunia jingine, na hakuna anayenuna mbele ya pilau.

Aliyenitoa kwenye minyoo na vimeo alikuwa ndege. Chini ya Pasiansi, karibu na maji, watu walianika mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishachukua minofu na kuipeleka Ulaya. Mahali hapo palijaa makorongo, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama kama makarani wanaosubiri kustaafu. Mama alinituma kwa mwanamke mmoja aliyeuza mapanki, na kwa bahati akakumbuka kitu akanifuata nyuma. Akanikuta nimechuchumaa katikati ya njia. Hakukuwa na mtu. Mbele yangu alikuwa amesimama korongo mmoja, ananitazama.

Mama alisimama hapo nyuma kwa muda. Kisha akaja akachuchumaa kando yangu, uso wake karibu na wangu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unamwamkia nani?"

"Simwamkii mtu."

"Mbona umechuchumaa?"

"Napumzika. Nikikaa hivi pumzi inarudi."

Aliniangalia midomo kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akanibeba mgongoni mzima mzima na umri wangu ule, akapanda mlima hadi nyumbani. Mapanki hatukununua. Nilisikia mgongo wake ukitetemeka na nikadhani ni mimi mzito.

Kesho yake tukaenda hospitali kubwa. Shangazi alikuja nasi bila kualikwa, kwa sababu, alisema, mtoto ni wa ukoo. Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Nilichuchumaa nikamwamkia. Hakunisifu. Ndiye mtu mzima wa kwanza ambaye hakunisifu, na nilikasirika kidogo. Alinishika vidole, akazitazama kucha moja moja, akanitaka nitoe ulimi. Akasikiliza kifua changu mbele na nyuma, muda mrefu, amefumba macho. Halafu akamgeukia mama.

"Akicheza au akitembea, huwa anachuchumaa?"

Shangazi hakumwacha mama afungue mdomo. "Ee, daktali! Sana! Huyu ana heshima kuliko watoto wote wa ukoo wetu. Hakufundishwa na mtu."

Daktari alimsubiri amalize. Akamuuliza mama tena, "Hata kama hakuna wa kumwamkia?"

"Jana," mama alisema, "alimchuchumalia korongo."

Daktari aliandika kitu, akaweka kalamu chini. "Nadhani moyo wake una tundu," alisema. "Tutampiga picha kuhakikisha."

"Utundu?" Shangazi aliruka kwenye kiti. "Huyu? Hapana, daktali! Watundu ni wale wa mdogo wangu mwingine. Huyu ametulia."

"Tundu, mama. Shimo."

Vipimo vilipotoka vilisema kama alivyosema. Alichora moyo kwenye karatasi akamweleza mama kwa Kiswahili cha watu: ukuta wa katikati una tundu, na njia ya kupeleka damu mapafuni imebana, kwa hiyo damu chafu inapita tunduni na kuzunguka mwilini bila kupata hewa. Ndiyo maana ya ile zambarau. Nikichuchumaa damu inabanwa miguuni, moyo unalazimika kusukuma nyingine mapafuni, na ndiyo maana ya ile heshima. Mtoto anazaliwa hivyo, hakuna aliyekosea. Dawa ya kweli ni upasuaji, na upasuaji huo hapa nchini haukuwepo wakati ule. Serikali ilikuwa inapeleka watoto wachache India, tungesubiri zamu. Mpaka zamu ifike, akamwambia mama, ninywe maji mengi, hasa nikiharisha. Meno yasafishwe, na nising'olewe jino hata moja kabla daktari hajanipa dawa ya kuzuia wadudu wasiingie moyoni. Nisilazimishwe kukimbia. Mtu asiniguse kimeo. Na siku nikibadilika rangi ghafla, nikahema na kulegea, nisinyooshwe: nikunjwe, magoti yabanwe kifuani, kwa nguvu, nikimbizwe hospitali.

Mama alirudia maneno hayo kwa sauti mpaka daktari akaridhika. Shangazi alikuwa anatazama dirishani.

Njiani kurudi alipata sauti yake. "Sisi kwetu hatuna mioyo mibovu," alisema. "Wewe, wakati wa mimba, ulikula nini?" Kwa hiyo mgawanyo wa mali ukawa umekamilika: heshima ilitoka Magu, tundu lilitoka Mara. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wenye akili tangu siku ile na sijasikia hoja iliyopangwa kwa haraka namna hiyo.

Mungu anisamehe, lakini nikimfikiria shangazi huwa naanza na harusi ya binamu yangu. Tulikuwa tunasubiri zamu yetu. Mama hakutaka kwenda Magu, baba akasema watatuona tunaringa, tukaenda. Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa yameishia kwenye sufuria za wapishi, na mama aliitwa jikoni mara tu aliposhuka, kama wanavyoitwa wake wa ukoo. Shangazi alinishika mkono. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti, safu ndefu, na wageni wa bwana harusi safu nyingine.

"Waamkie," akasema.

Nikachuchumaa mbele ya mzee wa kwanza. "Shikamoo."

"Malahaba, mwanangu. Hee, mtoto huyu!"

"Inuka, mwamkie na babu huyu."

Nikainuka, nikashuka. Wazee wakaguna kwa furaha. Shangazi akaangalia safu ya wageni kuona kama wanaona. "Inuka. Na huyu. Inuka. Na huyu." Yeye aliambiwa ofisini kwa daktari, kwa masikio yake, kwamba kuchuchumaa kule ni ugonjwa. Alikisikia kitu hicho na akakiweka pale anapoweka mambo yasiyompendeza. Heshima ya ukoo ilikuwa na watazamaji siku ile, hakutaka kuipoteza. Kushuka kulikuwa rahisi. Kilichokuwa kinaniua ni kuinuka. Nakumbuka viatu vya mzee mmoja, vya ngozi, vyenye vumbi, halafu sikumbuki.

Yaliyobaki nasimuliwa na mama. Nilianguka nimebadilika rangi mpaka usoni, nahema kama mbwa. Wanawake wakapiga kelele, "Degedege!" Shangazi akaamuru, "Mnyoosheni! Mnyoosheni miguu asikunjamane!" Wakaninyoosha. Watu wazima wenye mapenzi na nguvu, mmoja magotini, mwingine mabegani, wakanikandamiza chini nikiwa nimenyooka, na mwingine akakimbilia moto wa kunifukiza. Walikuwa wananipenda, hilo silikatai. Walinipenda kwa uzito wao wote, na kila kilo ilikuwa inanimaliza.

Mama alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Hakuuliza. Aliyekuwa magotini mwangu alipigwa nao mgongoni, aliyekuwa mabegani akakimbia mwenyewe. Mama akaketi chini kwenye vumbi na gauni alilovalia kuja harusini, akaniokota, akanikunja magoti yakagusa kifua, akanibana na mikono yote miwili.

"Unamkunja mtoto mgonjwa kama nguo!" shangazi alilia. "Utamuua! Mwacheni anyooke!"

"Nyamaza," mama akasema.

Alimwambia wifi yake mkubwa, mbele ya wazee wa ukoo na wageni wa bwana harusi, akiwa amekaa chini na mwiko kando: nyamaza. Akaendelea kunibana, akinihesabia pumzi sikioni, mpaka midomo yangu ikarudi kwenye zambarau ya kawaida. Kisha akasimama nami kifuani na kumwambia baba atafute gari. Gari lililopatikana lilikuwa la bwana harusi, lenye maua. Tulikwenda nalo hospitali.

Sasa sikiliza. Katika ukoo wetu habari ya siku ile inasimuliwa mpaka leo. Inasimuliwa kama siku mwanamke wa Mara alipomwambia wifi yake anyamaze na kuharibu harusi. Kwamba palikuwa na mtoto anakufa hapo katikati, wengi hawakumbuki.

Zamu yetu ilifika. Nilikwenda India na mama, nikapasuliwa, na kuhusu hapo sina mengi, nilikuwa mtoto na nililala. Nakumbuka nilipoamka mama alinishika mkono akaugeuza dirishani kwenye mwanga. Kucha zilikuwa nyekundu. Aliziangalia moja moja, akarudia tena, halafu akaanza kuzibusu, na mimi nikamwambia ananitekenya. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda wakati ule, na sikujua kumwambia zaidi ya hivyo.

Tuliporudi Pasiansi, shangazi alikuja na gunia lake. Nilimwona kutoka juu ya mawe. Nikashuka mlima mbio, mbio za kweli, kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuwa amewahi kukiona, nikasimama mbele yake wima, kifua kinapanda na kushuka na bado kipo.

"Shikamoo shangazi!"

Alinyoosha mkono wake chini, pale kichwa changu kilipozoea kuwa. Alisubiri. Mimi nilisimama tu, natabasamu, meno nje.

"Mbona hashuki?" akamuuliza mama. Kisha akamgeukia baba kwa uchungu wa kweli, machozi machoni: "Wahindi wamemwalibu mtoto wetu."

Watu wanasema nina dharau, hasa nikienda Magu. Ninayo. Nimeikuza kwa uangalifu, kama watu wengine wanavyokuza bustani, na sababu yake ni hii. Mwaka jana tulimzika shangazi. Nililia, maana alinipenda, na nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wengine alipoletwa binti mdogo wa jirani, amevalishwa kitenge. Akashuka mbele yangu, akakumbatia magoti, akanipa shikamoo yake huku anatazama chini. Wanawake wakafurahi. "Mnamwona huyu?" mmoja akasema. "Hakufundishwa na mtu. Kama wewe ulivyokuwa."

Mimi siitikii haraka. Mtoto yeyote anayenichuchumalia huwa namshika kwanza mkono nitazame kucha. Mara zote zimekuwa nyekundu, nikaitikia, mtoto akakimbia zake. Nilimshika huyu vidole, nikavigeuza kwenye jua, nikaviangalia kimoja kimoja.

Sikumwitikia marahaba. Nilimnyanyua, magoti yake nikayabana kifuani kwake, nikasimama katikati ya msiba nikauliza, "Mama wa mtoto huyu yuko wapi?"